Kipimo cha Mimba cha Alfredi

Daktari yule wa Newala haangalii picha ya eksirei kabla hajafuta miwani kwa ncha ya shati, akaiegemeza picha dirishani na kuanza kuguna wimbo wa kanisani. Sia wa maabara amemzoea, yeye na kandambili zake, na kiapo chake cha kila wiki kwamba barabara ya Dar es Salaam imemvunja kiuno na haitamwona tena.

Siku alipokuja Alfredi, mkulima wa korosho wa Chilangala aliyemaliza dawa za TB bila nafuu, Sia alirudi kutoka maabara na karatasi ya vipimo huku akijiziba mdomo asicheke.

"Shikamoo daktari. Umeandika kipimo cha mimba, na huyu ana ndevu."

"Marahaba. Ndevu nimeziona. Pima mkojo."

Sia akapima mara mbili, kwa vijiti vilivyonunuliwa duka la dawa la jirani. Mara zote mbili Alfredi alikuwa na mimba. Kicheko kikamkauka Sia.

"Basi si TB," daktari akasema, na wimbo ukakoma. "Kuna uvimbe adimu wa kifuani, kama huu kwenye picha yake, unaotoa homoni ya mimba na kudanganya kipimo namna hii. Mjomba, dawa yake ipo, ila iko Dar."

"Dar simjui mtu," Alfredi akanong'ona.

Daktari akafuta miwani, akaandika barua ya rufaa. Sia akaichungulia. Kwenye nafasi ya msindikizaji, daktari alikuwa amejaza jina lake mwenyewe.