Kisiwa cha Maboksi

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na mpaka leo nikipita karibu na boksi tupu la televisheni uso unanipanda joto kwa aibu. Wale mliokuwepo siku ile naomba mnyamaze niwasimulie wengine mwenyewe, maana akisimulia Bi Shamsa uji huongezeka kila mwaka, sasa hivi umefika magotini.

Ilikuwa Ramadhani ya elfu mbili na moja, ile iliyoangukia msimu wa baridi, London jua likizama kabla hata ya saa kumi (tulikuwa tukifuturu wakati wenzetu kazini wanakunywa chai ya mchana). Mama alikuwa amekuja kutoka Mombasa kukaa nasi miezi sita, mara yake ya kwanza, mimi na mume wangu, dereva wa basi, tukiishi Stratford katika nyumba yenye jiko kubwa lakini kuukuu. Mwezi wa pili haujaisha nikamsikia akimwambia kaka yangu Athumani kwenye simu amtafutie tiketi ya kurudi kabla ya Idi. "Nyumba ya mwanangu nzuri," alimwambia, "lakini mimi hapa nakaa kama mgeni." Nilisimama kwenye ngazi nikalia bila sauti, kisha nikapangusa machozi nikaamua, kwa akili zangu hizi mnazozijua, kwamba shida ni jiko.

Sasa majarida ya siku hizo yalijaa majiko yenye kisiwa, ile meza ndefu inayosimama peke yake katikati, mtu anakatakata vitunguu huku anaongea na wageni, na mimi nikamwona Mama amekaa hapo juu ya kiti kirefu kama malkia (Mama ana futi nne na kidogo, kwenye kiti kile angehitaji ngazi, lakini hilo halikunijia). Nikamwita fundi Ochieng, Mkenya mwenzetu wa Kisumu, akapima, akachora, akanipa onyo.

"Dada, usikimbilie. Island ukishajenga, huwezi kuihamisha. Panga maboksi size ile ile, uishi nayo two weeks, uone kama mnapita."

Akaniachia na ubao mwembamba wa kuweka juu. Nikapanga maboksi, la televisheni, la nepi, ya ndizi kutoka sokoni, nikalaza ubao, nikafunika kwa kitambaa cha plastiki chenye michirizi ya marumaru, na wallahi ukikitazama kutoka mlangoni ungesema kimetoka Italia. Tatizo lilikuwa boksi moja la chini, kwenye kona ya friji, lililokuwa likibonyea. Nikatafuta kitu kigumu cha kulijaza, macho yakaangukia mbuzi ya Mama ya kukunia nazi, ile aliyoibeba kwenye sanduku ikiwa imefungwa kwa leso, na ambayo kila siku ilikuwa ikinipiga miguu pale katikati ya jiko alipopenda kukaa nayo. Nikaikunja, nikaisimamisha ndani ya boksi, nikajaza magazeti. Kona ikawa imara kabisa.

Mama alipouliza nikamjibu mbio mbio, nikiwa navaa viatu niende kazini, "Mama, jikoni hakuna nafasi ya mbuzi sasa, na tui la mkebe lipo tele." Akasema, "Haya, mwanangu."

Wiki hiyo hiyo shoga yangu Bi Shamsa akanipigia simu kutoka Stanmore, upande wa pili wa London, kunieleza habari za jiko lake jipya, droo zinazojifunga zenyewe, kisiwa cha jiwe jeusi, na mdomo wangu (huu huu) ukachomoka bila ruhusa: "Hata mimi kisiwa changu kimeshasimama, shoga!" Akafurahi kikweli, ndilo lililoniponza. "Basi Jumamosi tunakuja kufuturu kwako tukione." Wanawake saba.

Ningeweza kusema ukweli siku yoyote kati ya hapo na Jumamosi, na sikusema.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kazini, namhudumia bibi mmoja mgonjwa, nikarudi saa saba nikaanza kukaanga sambusa. Nikasikia kutoka juu krr, krr, krr. Nikajua ni mabomba ya hita. "Mama, usiiguse hita!" nikapaza sauti. "N'tamwita fundi!" Sauti ikakoma, kisha ikaendelea pole pole, kama mtu anayenyata. Baadaye Mama akashuka na bakuli limefunikwa, akalimimina kwenye sufuria ya muhogo iliyokuwa motoni. Nikamwambia auweke muhogo kisiwani pamoja na vyakula vingine. "Wacha uchemke pole pole," akasema, akakaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

Wageni wakafika. Nikawasimamisha wote mbali kidogo, nikasema kwa sauti ya mtaalamu, "Jamani, msiegemee, gundi ya marumaru bado haijakauka." Wakashangilia, wakasema mashallah. Juu ya kisiwa palikuwa na sufuria kubwa ya uji wa pilipili manga, sambusa, mahamri, mbaazi na tambi za sukari. Saa ya ukutani ikaanza kuadhini, kila mtu akashika tende yake, na Bi Shamsa (sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo) akataka kujua kama jiwe langu ni la baridi kama lake. Akaweka kiganja pale kwenye kona ya friji, akaegemea.

Boksi likasema puu. Ubao ukainama, na vyakula vyote vikateremka kwa mpangilio, kwanza tambi, kisha sambusa, mwisho uji, ukaishia kwenye buibui la Bi Shamsa, naye bado ameshika tende. Kitambaa kikavuka, likabaki boksi la nepi limewatazama wageni, picha ya mtoto anacheka. Saa ikaendelea kuadhini. Nilitamani mabomba yapasuke tuondoke wote.

"Ni mimi," Mama akasema. "Msimcheke mwanangu. Nilitoa mbuzi yangu mle ndani asubuhi, sikujua ndiyo iliyobeba."

"Umeikunia wapi nazi?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Chumbani, juu ya taulo. Ulisema huku hakuna nafasi, sikutaka kukuharibia jiko lako."

Aibu ya maboksi ikaniondoka palepale, ikaja nyingine. Mama yangu, aliyetulea sote kwa mikono ile, alikuwa akikuna nazi chumbani kwa kujificha, na mimi nampigia kelele za hita. Nikamkumbatia mbele ya watu, nikalia mpaka mtandio wake ukalowa, naye akinipigapiga mgongoni, "Basi, mwanangu, basi, watu wamefunga."

Kilichosalia kilikuwa muhogo wake tu, ule wa motoni. Tukasukuma maboksi ukutani, tukapangusa uji, tukatandika mkeka pale katikati, tukakaa chini sote, Bi Shamsa amevaa dera langu, tukala kutoka sinia moja. "Hili ndilo tui," Bi Shamsa akasema, akilamba vidole. "Kwangu kote kule kwenye jiwe sijapata kula hivi."

Jumatatu nilirudi nyumbani kutoka kazini nikamkuta Mama amekaa sakafuni palepale juu ya mbuzi yake, simu imebanwa begani, krr, krr, anamwambia Athumani ile tiketi aiache kwanza, ana kazi.

Fundi Ochieng alipokuja na mchoro wake nilichukua kalamu nikakifuta kisiwa. Akashangaa. "Sasa hapa katikati unaweka nini?"

"Mama," nikamwambia.

Mama alikaa miezi yote sita. Siku ya kwenda uwanja wa ndege niliifunga mbuzi kwa leso ileile nikataka kuitia sandukuni, akaitoa, akairudisha jikoni, akaiegemeza kabatini. "Iache hapo," akasema. "N'taikuta."

Aliikuta, mara tatu. Nami niliapa kwamba katika nyumba yangu sitamwambia mtu tena kuwa hakuna nafasi, na kwamba Bi Shamsa akiniuliza kitu kwenye simu nitahesabu kwanza mpaka kumi. Hilo la pili bado linanishinda.