Siku Sauti Yangu Iliposafika

Nitawaambia, lakini mkicheka chekeni polepole, kwa sababu Mama Karimi bado yu hai, na mimi hadi leo nikipita Muthara karibu na lile kanisa nafuata njia ya nyuma.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kwisha. Nilikuwa fundi wa redio pale Muthara, nimepanga chumba kwa Mama Karimi, ukuta kwa ukuta na kanisa, na nilikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani ile ya kuongea na watu wa mbali bila faida yoyote ila kujua kama watakusikia. Redio yenyewe niliiunda kwa mikono yangu, nusu yake ikiwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani: sauti iliingia kwanza kwenye kompyuta, programu ikaichonga, ndipo ikaenda kwenye mtambo wa kurusha. (Mke sikuwa naye. Mngekiona kile chumba mngeelewa.)

Tatizo lilikuwa mkwaruzo. Njiru, mwalimu wa Kanja kule Embu na mwenzangu wa hewani, aliniambia bila huruma, "Mutuma, unasikika kama debe ya mawe. Na unamwagikia mpaka stesheni za majirani." Nami, kama mjinga yeyote, nikiambiwa sisikiki vizuri naongeza sauti! Ilinichukua wiki kadhaa kugundua kwamba sauti ni kama maziwa jikoni, ukijaza sufuria hadi mdomoni yatachemka yamwagike. Dawa ilikuwa kupunguza, kusikiliza, kisha kupunguza tena.

Sasa, wakati huohuo Mama Karimi alikuwa amechoka na waya wangu wa antena uliopita juu ya mabati yake. Alisema tangu uwekwe ng'ombe wake amepunguza maziwa, tena kanisa limeleta spika mpya na waya ule utaziharibu, kwa hivyo Jumamosi jioni, akitoka mkutano wa akina mama pale kanisani, angenipa jibu la mwisho: waya ubaki au ushuke. Niliogopa kweli. Bila ule waya mimi ni mtu anayeongea na ukuta.

Jumamosi hiyo mchana nikaamua kufanya majaribio nikimngoja. Nilikuwa mwangalifu, msinidharau. Niliung'oa waya wa antena kwenye mtambo, nikafunga balbu mahali pake, maana balbu huila nguvu yote ikawaka, na hakuna kinachotoka nje (ndivyo nilivyosoma). Ncha ya waya nikaiacha ikining'inia papo hapo dirishani, karibu na balbu, kwa uvivu tu wa kuipeleka kando. Uvivu ule, jamani! Kisha nikavaa hedifoni nijisikilize kwenye redio nyingine ndogo.

Njiru alikuwa ameshanionya kwamba "moja, mbili, tatu" haionyeshi mkwaruzo, sema maneno ya kweli yanayotoka moyoni. Na ya moyoni siku hiyo yalikuwa yale ya kumwambia Mama Karimi, kwa hivyo nikaona niue ndege wawili, nijaribu mtambo na nijifunze utetezi wangu. Nikashika maikrofoni.

"Mama Karimi, nakuapia mbele ya Mungu, waya wangu hauwezi hata siku moja kuingia kwa spika ya mtu."

Mkwaruzo mtupu. Nikapunguza kidogo kwenye kompyuta, nikarudia. Afadhali. Nikapunguza tena, nikarudia, na hapo "nakuapia" ikaanza kufanana na neno la binadamu. Mara ya nne nikanogewa, nikaongezea, "Na hiyo ng'ombe yako, Mama, shida si waya, shida ni uzee." Mara ya tano, ndugu zangu, ilitoka safi, laini, hata pumzi yangu niliisikia! Machozi yalinilengalenga kwa furaha. Nikarudia mara ya sita kwa raha tu, pamoja na ng'ombe.

Yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa ukuta nilihadithiwa baadaye: kumbe balbu ilikuwa ikivuja, na ile ncha ya waya ikiidaka sauti yangu na kuipeleka hadi kwenye spika za kanisa. Mara ya kwanza spika mpya zilinguruma, akina mama wakadhani ni mitambo. Mara ya pili zikakoroma, mmoja wao akaanza kukemea pepo. Mara ya tatu pepo yule akamtaja Mama Karimi kwa jina. Na kadiri nilivyozidi kuuondoa mkwaruzo, ndivyo walivyozidi kunielewa, mpaka ng'ombe naye akafika kanisani mzimamzima.

Nikaguswa begani. Kugeuka, Mama Karimi, na nyuma yake mlango umejaa vitambaa vya kichwa. Nikavua hedifoni.

"Mutuma," akasema polepole, "hiyo waya yako haiwezi kuingia kwa spika ya nani?"

Aibu ilinipanda kutoka nyayoni. Nilitaka kuomba msamaha, haki ya Mungu nilitaka, lakini kichwani mlikuwa na jambo moja tu: hawa ndio watu pekee waliozisikia zote sita kutoka nje.

"Samahani sana, Mama. Lakini... ile ya tano, ilikuwa inakwaruza?"

"Murungu wakwa!" mtu akaguta kule nyuma, kama anayemwita Mungu wake aje amwondoe yule pepo. Mama Karimi alinitazama, kisha akafikiri (alikuwa mtu wa haki).

"Ya tano ilikuwa safi," akasema. "Ng'ombe tumemsikia vizuri sana. Sasa lete ngazi."

Waya niliushusha mwenyewe, akina mama wakinishikia ngazi. Nilimwomba Mama Karimi msamaha, na kwa amri yake nikaenda zizini nikamwomba na ng'ombe. Kesho yake Njiru alinisubiri hewani hadi akachoka, na mimi nimekaa chumbani na sauti safi kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, sina pa kuitolea. Tangu hapo sijaapa tena kwamba jambo langu halimfikii jirani kabla sijaenda kwake, nikasimama, nikasikiliza.