Kiraka Wangu

Besiboli sijawahi kuicheza hata kwa gongo la kuokota. Kwetu Tanga ni mpira wa miguu, basi. Lakini laptop niliyouziwa mtaa wa Berea, huku kusini nilikohamia, imetumika mpaka herufi zimefutika, ilikuja na mchezo wa besiboli ndani yake, na mimi, mtu mzima hovyo, nikanasa. Humo hupigi mpira wala hukimbii. Unakuwa kocha: unapanga nani asimame wapi, kompyuta inacheza, wewe unabaki kushangilia au kutukana.

Nilimpenda mchezaji mmoja asiye na makuu, ambaye ningeweza kumsimamisha karibu kila mahali. Katika mchezo ule kila mtu ana namba yake kwa kila nafasi ya uwanja. Ukimweka asipopajua, namba ni nyekundu na mipira inampita. Ukimwacha hapo muda, anajifunza, namba inapanda. Wangu nilimzungusha mpaka akawa kijani karibu kila upande. Mlinzi wa besi ya pili kaumia? Yeye. Wa pembeni kachoka? Yeye. Nikamwita jina tunalowapa watu wa aina hiyo kwenye mpira wetu: kiraka. Kwetu hiyo ni sifa kubwa, mtangazaji wa redio akilitamka unajua timu ina bahati.

Na kiraka mwingine nilikuwa naye kazini, kwenye karakana yangu ya kushona hapa mtaa wa Doornfontein.

Alikuja kuomba kazi, mama wa Lubumbashi, amevaa koti alilolishona mwenyewe. Kola ilimlala kifuani kama imepigwa pasi na malaika. Sikuuliza swali la pili, nikampa meza ya makoti. Wiki ileile fundi wa ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo, akaacha kazi, nikamwambia, "Mama, nishikie hapo siku mbili tatu." Akashika. Ukaja msimu wa magauni ya matriki, watoto wanapoagana na sekondari, nikamhamishia kwenye zipu. Kisha matundu ya vifungo, kisha pasi, kisha kuongea Kifaransa na wateja wa kanisani. Makoti nikabaki nayo mimi. Kila alipouliza, "Patron, meza yangu?" nilimjibu, "Subiri kidogo, mama." Wallahi, ile subiri niliisema mpaka ikauzoea mdomo.

Jumamosi moja akaja mteja wa Dar, jamaa wa utani. Akamwangalia mama anavyoruka toka mashine hii kwenda ile, akatikisa kichwa. "Huyu?" nikajivuna. "Huyu ndiye kiraka wangu!" Tukacheka, tukagongeana mikono.

Mama hakucheka. Mteja alipotoka, aliweka pasi chini.

"Patron, miye njo kiraka?"

Nikajiumauma kumweleza: mpira, mchezaji, sifa. Hata laptop nikaifungua nimwonyeshe yule wa besiboli. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote.

"Kwetu kiraka ni kile kitambaa unabandika kwa tako ya suruali," akasema. "Kinashika nguo ya mwingine. Chenyewe hakiwezi kuwa nguo."

Eish. Sikuwa na pa kuuficha uso, nikautazama mchezo. Yule mchezaji alinijia akiwa hodari wa nafasi moja, kati ya besi ya pili na ya tatu. Sasa namba yake ya pale ilikuwa imeshuka, imekuwa ya njano. Mchezo haufichi: nafasi usiyoichezea inakutoka. Na si kwamba sikujua. Nilikuwa naiona ikishuka, nikasema si kitu, mradi tunashinda. Ndiyo mambo ya mzigo wa mwenzio, kanda la usufi.

Jumatatu nikahama. Nikamwachia meza ya makoti, mkasi mkubwa, na koti la bwana harusi mmoja lililokuwa limefika kwenye kola. Pasi nikaishika mimi. Akakaa, akaisogeza mashine kidogo kushoto, akatabasamu, nami nikajiona nimefanya la maana.

Akashona kola, akaigeuza, akainyoosha kwa kiganja. Ncha ikainuka. Akafumua. Akashona tena, ikainuka tena. Akavaa miwani, akafumua polepole, uzi kwa uzi, bila kunitazama. Koti lake mwenyewe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma yake, kola imelala vilevile.

"Mkono imesahau, patron," akasema.

Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana, angenitupia hata ule mkasi, ningepata cha kujibu. Nilitaka kumwambia mkono utarudi tu, mama, kaa hapo hata mwaka mzima, bwana harusi atasubiri. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Mlangoni akaingia msichana ameshika sketi, zipu imekatika, ana haraka zake. Kabla hajamaliza salamu mama alikuwa ameshasimama. Akaipokea sketi, akaenda nayo kwenye mashine ya zipu, akainamisha kichwa.

Zipu mimi hunishinda. Na bwana harusi alikuwa anakuja kulichukua koti lake Jumatano.

Mungu anisamehe, sikumwita arudi. Nilikaa kwenye kiti chake, nikaivuta ile kola, nikaimalizia mwenyewe.