Mazishi Yaliyongoja Ndege

Kibwana wa Mtanda alifanya kazi katika uwanja wa ndege wa Lindi. Alifyeka majani, alifukuza mbuzi, na mvua ikinyesha alipima ardhi kwa kisigino. Kisigino kikizama, hutandika uwanjani msalaba wa kitambaa cheupe. Rubani akiuona kutoka juu, hatui.

Jumamosi moja ya masika alipata asubuhi simu ya maandishi iliyoletwa kutoka posta. Samia, binti yake wa pekee, aliyeolewa Dar es Salaam, alikuwa amefariki kwa uzazi.

"Waambie wazike, baba Samia," mkewe Mwanaheri alimsihi huku akilia. "Rufiji imefurika, njia hakuna."

"Njia ya malori hiyo! Kwa ndege Dar ni saa moja na nusu. Ya alasiri ikitoka Mtwara inapitia hapa. Magharibi nitakuwa kaburini kwa mwanangu."

Akaenda posta, akampelekea mkwewe jibu kwa simu ya maandishi: Msizike. Nakuja kwa ndege. Hapo ndipo alipokosea. Maiti ana haki zake, na mojawapo ni kuharakishwa. Haki hiyo si ya baba kuichezea, hata awe na uchungu wa namna gani.

Adhuhuri mvua ilimwagika. Ilipokatika, Kibwana alikanyaga ardhi, kisigino kikazama hadi kifundoni.

Sebastiani, karani wa uwanja, alimtazama kwa huruma. "Mzee, mimi nimeinamia makaratasi yangu. Sijaona tope, na usipotandika kitambaa, sitajua."

"Na watu waliomo ndani ya ndege?"

Sebastiani aliyarudia makaratasi yake. Kibwana akatandika msalaba kwa mikono yake mwenyewe, akaukandamiza kwa mawe. Ndege ilichomoza mawinguni, ikazunguka, kisha ikaelekea kaskazini, kule alikolazwa Samia.

Alikimbilia posta awaambie wazike. Ilikwisha kufungwa hadi Jumatatu. Akaugonga mlango kwa ngumi.

"Basi, mzee, utaniponza," askari wa zamu alimwambia, akamshika mkono na kumtoa barazani.

Njia ilipofunguka, mkwewe Bakary alifika Mtanda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mlizika lini?"

"Jumatatu, baba. Jumapili wazee walitaka aoshwe azikwe, nikawazuia. Nikawaambia baba kaagiza, na ndege haikawii." Aliinamisha kichwa. "Waoshaji walishindwa, baba. Alikuwa ameharibika. Walimmwagia maji tu, wakamfunga sanda."

Kibwana hakuinua macho. Alikuwa ameokoa roho za wageni, na jambo hilo lilikuwa la haki. Lakini halikumwosha mwanawe.

Mwanaheri, aliyesikia yote akiwa mlangoni, aliingia ndani. Akatoka na buibui na fungu la nguo, akashika njia ya kwa dada yake. Kibwana alimwita mara moja tu.