Nilivyofaulu Mtihani wa Masikio

Siku yangu ya kwanza kiwandani msimamizi wa zamu alinieleza mengi, nami sikusikia hata neno. Korona ilikuwa inanguruma. Hiyo ni mashine inayoponda majani ya mkonge na kuacha singa, yaani nyuzi zake. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Kumbe alikuwa akiniuliza, "Umechelewa makusudi?"

Nilikuwa nimeshuka kutoka Vudee, kijiji chetu cha milimani. Wazazi walikuwa wametutoka, nikaacha shule darasa la sita ili wadogo zangu watatu wale na wasome.

Haikuchukua muda nikajua kusoma midomo, kama wenzangu wote. Tulisengenyana toka pembe moja ya kiwanda hadi nyingine, mashine ikinguruma. Nyumbani nilipaza sauti hata nikisali. Mdogo wangu Naomi akanishika mkono: "Kaka, Mungu yuko hapa hapa, si Tanga."

Miaka ikaenda, nikaacha kusikia mvua juu ya bati. Hapo niliogopa. Sikio likishauawa na kelele halifufuki. Nikaomba kuhamishiwa uwanja wa kuanikia singa kabla sijawa kiziwi kabisa. Meneja akasema, "Lete cheti cha daktari."

Daktari aliketi mbele yangu, akanong'ona, "Umekula nini leo?"

"Makande."

"Unatoka wapi?"

"Vudee."

Akaandika kwamba masikio ni mazima. Meneja akasoma, akafurahi: "Wewe unasikia kuliko mimi! Rudi kwenye mashine."

Nilipomsimulia nyumbani, Naomi alishika kiuno. "Ulikuwa unamwangalia mdomo?"

"Sasa ningemwangalia wapi?"

"Ee kaka yangu!"

Tukarudi wote wawili, Naomi akamweleza daktari, naye daktari akaniamuru nifumbe macho na kuziba sikio la kushoto. Yaliyofuata nilisimuliwa. Daktari alinong'ona, kimya. Akasema kwa sauti, kimya. Mwishowe akapiga kelele, "Bwana, suruali yako inaungua!" Mimi nimetulia kama niko ibadani. Waliokuja mbio ni wagonjwa wa nje, mmoja na ndoo ya maji.

Nikahamishwa, nikaanika singa hadi kustaafu. Sikio la kulia lilishakwisha. La kushoto nililiwahi likiwa nusu. Vijana, mkipewa vizibo vya masikio msivitundike shingoni kama mkufu. Vaeni.

Wadogo zangu sasa ni watu wazima. Wakija kunishukuru hukaa kushoto kwangu. Wakitaka kunisema hukaa kulia. Juzi walikaa kulia wote watatu, wakacheka mpaka wakafuta machozi. Nami nikacheka nao. Mpaka leo sijui tulikuwa tunacheka nini.