Mlango wa Mama Frigo

Enzi zetu pale Kamina, frigo, yaani jokofu, ilikuwa kabati. Nyinyi mliokulia upande wetu, nyuma ya reli, hamhitaji kuelezwa. Umeme tuliuona tukiwa wadogo, ukawa unakuja na kuondoka, mwishowe ukakata mguu kabisa. Vyombo vyake vikabaki majumbani, na hakuna aliyevitupa, maana Kamina ya wakati ule haikujua kutupa. Jiko la umeme lilikuwa kiota cha kuku anayeatamia. Wavu wa feni ulianikiwa samaki wa Kinkondja juani. Pasi iliyokufa ilitumika kupasulia kokwa za mawese, na ndani ya redio bubu bibi fulani aliweka chumvi ili isipate unyevu. Leo vijana wananiambia kwamba hilo linaitwa kutunza mazingira. Sisi tuliliita kuishi.

Tulicheza mpira wa matambara mpaka udongo mwekundu ukatuingia kwenye masikio. Tulirudi kutoka shuleni tukitembea juu ya chuma cha reli, mikono tumeitandaza, na aliyeanguka kwanza ndiye aliyebeba madaftari ya wenzake. Jioni barabara yote ilinuka moshi wa makaa na sombe, majani ya muhogo, inayochemka, na ukipita karibu na nyumba ya watu walio mezani uliitwa kula bukari, ugali wetu, ukatae mara moja kwa adabu, ukubali mara ya pili kwa njaa. Mtoto wa siku hizi ukimwita mezani anauliza kwanza kuna nini.

Frigo yetu ilikuwa nyeupe, ya mabega ya mviringo. Baba aliinunua kwa familia ya mwanajeshi iliyokuwa ikihama Base, ile kambi ya jeshi, akaileta kwa mkokoteni huku akitembea mbele kama mwenye kuleta bibi arusi. Wakati huo umeme ulikuwa ungalipo. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, Baba alifungua mlango akatoa barafu, akagawa kwa watoto wote wa barabara yetu, na wenye bahati wakapata ile ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, tamu, ya kunyonya mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha umeme ukakatika, na kabla hatujazoea giza Baba naye akaugua, akafa.

Mama akaweka ndani ya frigo sahani zake, unga, na nguo zetu za kanisani. Nguo zilinuka unga, unga ulinuka sabuni, na hatukulalamika. Jambo moja tu lilituchekesha. Tukiacha mlango wazi hata kidogo, Mama alipiga kelele kutoka uani: "Mufunge mulango, baridi itatoka." Siku moja nilijitia ujanja nikamuuliza, "Mama, baridi gani?" Akanitazama, akaufunga mlango mwenyewe, polepole. "Ya baba yenu," akasema. Tangu hapo sikucheka tena, nilifunga.

Sasa nije kwa Baba Kyungu, fundi wa kuchomelea. Alikuwa na betri kubwa za lori na akili isiyolala. Kilichomuudhi ni kwamba barabara yetu haikuwa na jina. Mgeni akituuliza tunakaa wapi, tulijibu "nyuma ya reli", na watoto wa kambi ya reli walituigiza wakishika pua. Jioni moja Baba Kyungu akakusanya watu penye njia panda.

"Tuweke mama moja hapa," akasema. "Amepiga magoti, na bakuli mu mikono, sawa vile bankambo yetu ba zamani balikuwa banachonga mu miti. Siye tutamutengeneza na vyombo ya umeme yenye kufa. Muntu akiuliza siye tunakaaka wapi, tutamuonyesha yeye."

Watu wakapiga makofi, wakaenda nyumbani, na hakuna aliyeleta hata kitufe cha redio. Si uchoyo. Kila kitu kilikuwa na kazi, na hata kile kisicho na kazi kilikuwa na kumbukumbu. Utatupaje jiko lililopika chakula cha harusi yako? Baba Kyungu akapita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, akarudi na mkokoteni mtupu.

Aliyefungua njia ni Nkambo Umba, bibi wa pale kwetu, ambaye kwenye kila msiba ndiye aliyeimba kasala, zile sifa za Kiluba za kumtaja marehemu na waliomzaa na matendo yake yote, mazuri na ya aibu. Akamwambia Baba Kyungu: "Kitu ya muntu habaitupake. Banaizikaka. Fanyeni kilio."

Basi tukaanza kufanya kilio cha vyombo. Cha kwanza kilikuwa cha jiko la umeme la Baba Amisi, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye babu zake walitoka Maniema na misafara ya zamani. Aliliweka kwenye mkeka mbele ya duka lake, akatuhimiza: "Siye banaislamu tunazikaka mbio. Musilalishe maiti yangu hapa." Nkambo Umba akakohoa, akaimba: "Weye mutoto ya moto. Weye ulipika wali ya Idi, bakristu na banaislamu bote bakakula. Weye uliunguza maharagi ya Mama Amisi, yeye akasema ni maharagi njo ilikuwa ya zamani." Mama Amisi akajifunika uso kwa kitenge, na sijui hadi leo kama alikuwa analia au anacheka.

Sisi watoto tulipewa kazi ya wajukuu. Mnajua kwamba kwetu, mtu akifa, wajukuu wana ruhusa ya kumtania. Wanavaa koti lake, wanaiga mwendo wake, wanaziba njia ya jeneza mpaka wapewe kitu. Tukaziba njia ya jiko. Mmoja akawa swichi, wengine wakawa chakula kinachoungua, na Baba Amisi akatununua kwa sukari ya kulamba. Baada ya kilio hicho watu walishindana kuzika. Mwenye kukumbatia redio yake miaka yote aliileta mwenyewe na kuomba isifiwe vizuri kuliko ya jirani. Wakubwa walilia machozi ya kweli, maana kila chombo kiliondoka na kipande cha zile siku za taa.

Na mama wa njia panda akaanza kuonekana. Magoti yake yalikuwa majiko mawili. Mikono ilikuwa bomba za pasi kubwa ya dobi, bakuli ni pipa la ndani la mashine ya kufulia. Nywele zilifumwa kwa wavu wa feni, kisogoni zikapishana msalaba kama za wale mama wa miti waliochongwa na wazee. Pua ilikuwa pasi, macho vitufe vya redio. Alipendeza mpaka watoto wa kambi ya reli walikuja kumtazama, wakarudi kwao bila kushika pua. Lakini hakuwa na kiwiliwili. Kichwa kilisubiri kwenye karakana na magoti yalisubiri njia panda, na mvua ilikuwa inakaribia. Kilihitajika kitu kipana, kirefu, cheupe, chenye mabega.

Barabara yote ilijua kilipo. Hakuna aliyemwomba Mama, maana mjane haombwi kitu cha mumewe. Walitazama tu. Wakienda kisimani walitazama dirisha letu, wakirudi walitazama. Baba Kyungu alikuja akavua kofia, akakaa, akazungumzia mihogo, akazungumzia mvua, akavaa kofia akaenda zake. Mama alikuwa amejaa hasira. "Mafrigo ni mingi mu Kamina," alituambia sisi ambao hatukuwa tumesema lolote. "Ile ingine yoyote bachukue. Yangu iko na kazi." Mimi nilitamani aitoe na niliogopa aitoe. Nilikuwa nikiamini kwamba siku frigo ikivuka kizingiti, Baba naye atakuwa ametoka nyumbani kwa mara ya pili, na nadhani Mama aliamini vivyo hivyo.

Asubuhi moja Nkambo Umba akaingia bila hodi, akapita mbele ya Mama bila kumsalimu, akakaa chini mbele ya frigo. Akaanza kuimba. Alimtaja Baba, akamtaja baba yake na mto wa kwao, kisha akaigeukia frigo yenyewe.

"Frigo, weye uko na kiburi. Bwana yako alikuwa anakufungua kila siku ya Mungu, anatosha inje barafu, anapa batoto ya bantu. Leo umejifungia mu chumba na baridi yake, unaikula peke yako."

Mama alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Nkambo, unasema na frigo ao na minyi?"

"Minyi nasema na frigo," Nkambo akajibu. "Weye ukiwa na masikio, hiyo ni mambo yako."

Mama hakula siku hiyo. Kesho yake akaenda mwenyewe karakana kwa Baba Kyungu, nami nyuma yake. "Muichukue," akasema. "Lakini mulango itafunguka na kufungwa, sawa mu nyumba. Na masahani yangu itabakia mule mule." Baba Kyungu alifungua mdomo aeleze kwamba sanamu si kabati. Akamtazama Mama usoni, akaenda kuchukua mkokoteni.

Kilio cha frigo yetu kilijaza barabara. Nkambo Umba aliimba barafu yote ya Baba, mtoto kwa mtoto, na waliokuwa wameinyonya walisimama, sasa wakiwa na ndevu. Mama alilia kwa sauti ambayo hakuwa ameitoa hata tulipomzika Baba. Sisi wajukuu wa vyombo tukaganda, tukasahau kazi yetu ya kutania. Ndipo Mama mwenyewe akainua kichwa. "Bajukuu beko wapi? Marehemu anaenda hivi hivi, hakuna wa kumusumbua?" Nikatoka mbele, nikafumba macho, nikatoa ule mngurumo wa frigo inapoanza kazi, nguuu, pamoja na kile kikohozi chake cha mwisho. Wenzangu wakadakia. Mama akacheka machozi yakiwa bado yanamtiririka, na mkokoteni ukaondoka.

Vyaelea, vimeundwa. Mvua ya kwanza ilimkuta mama wetu amekamilika, mwenye kifua cheupe na bakuli lililojaa maji, na shomoro wakaoga humo. Kila asubuhi Mama alitoka nyumbani, akaenda njia panda, akamfungua sanamu kifua, akatoa sahani za siku hiyo. Jioni akazirudisha. Wageni walidhani amerukwa na akili. Kisha akina mama wengine wakaona kwamba mahali pale hapaingii panya wala mvua, wakaleta sahani zao za kilio, zile ambazo zamani ziliazimwa nyumba kwa nyumba na kurudi pungufu na ugomvi juu yake. Sufuria kubwa zikafuata. Ukifiwa, ulikwenda njia panda ukafungua. Haikupotea hata kijiko, wala kufuli halikuwahi kuwekwa. Na jina tulipata. Madereva wa baiskeli, walevi, hata mapadri walianza kusema "shuka kwa Mama Frigo", na hakuna aliyejua tena kama anamsema wa chuma au wa nyama. Mama alijifanya kukasirika. Alipokuwa peke yake nilimsikia akilirudia.

Tazameni sasa watoto wetu. Simu inakufa kabla hujamaliza kuwaonyesha majirani, inatupwa kwenye droo na wenzake, bila kasala, bila mtu wa kuiga sauti yake. Binti yangu Neema amezaliwa Lubumbashi. Tulipokwenda Kamina likizo alijipiga picha na sanamu huku ametoa ulimi, akaniuliza kama kuna mtandao. Nilisikitika kimoyomoyo nikasema, haya, yameishia kwetu.

Kiangazi kilichopita Mama alifariki. Tulifika na basi tukiwa na vumbi hadi kwenye kope, tukakuta barabara yote imekaa kwenye mikeka. Watu wa Luena walikuja, wa Base walikuja, na watoto wa zamani wa kambi ya reli, sasa wazee wenye vipara, walikaa nasi chini. Nilikuwa na hofu ya aibu ya chakula. Kisha wanawake wakaenda njia panda wakamfungua Mama Frigo, na sahani zikatoka, na zikaendelea kutoka, mpaka kila mtu akala, na zingine zikabaki. Nimewahi kuwa na fahari maishani, kwa shahada na kwa nyumba niliyojenga. Hazifikii ile.

Wakiwa bado wanapakua, mlango wa kifua umeachwa wazi, nikaona kitenge cha Mama kinapita mbele yangu. Alikuwa Neema. Alijifunga kile cha bluu cha kwenda nacho sokoni, akainamisha mgongo, mkono kiunoni, na ule mwendo wa Mama wa kuburuta kandambili ya kushoto. Hakuna aliyemfundisha. Akasimama mbele ya watu wazima, akawanyooshea kidole.

"Mufunge mulango," akasema kwa sauti ya bibi yake, "baridi itatoka."

Vichwa vyote vikageuka. Kisha watu wakacheka, wakacheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikalia hatimaye, maana tangu nipigiwe simu sikuwa nimeweza. Neema akaufunga mlango polepole, kwa mikono miwili.

Nyumbani kwangu Lubumbashi nina frigo ya kisasa. Inagandisha maji yakawa jiwe, na ukisahau mlango wazi inapiga kengele yenyewe. Haihitaji mtu wa kuipigia kelele. Ile ya Kamina inamhitaji, na sasa najua kwamba inaye.