Ndaga ya Mara Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Studio alinikabidhi kinasa sauti na maikrofoni iliyovikwa sponji, akaniambia nikamletee mvua. Studio yetu ya michezo ya redio ilikuwa Msasani, ile ya mjini Tukuyu, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani, na juu yetu mvua ilikuwa ikinyesha.

"Si hii hapa, Mkuu?"

"Hiyo ya mabati. Mimi nataka ya migombani."

Ndivyo nilivyoanza kujaza maktaba ya sauti. Msifikirie rafu, ni mafaili ndani ya kompyuta: upepo wa mashamba ya chai, vyura, soko likiamka, na mvua za kila namna, maana hapa Tukuyu mvua ni nyingi kuliko majina yake. Kila sauti tuliifanya lupu, yaani kipande kifupi ambacho mwisho wake unaungana na mwanzo, kikazunguka chini ya maneno ya waigizaji au chini ya gitaa kwa muda wowote unaotaka. Pale vinapoungana huitwa mshono. Lupu njema haionyeshi mshono, wala haina kitu cha kushika sikio. Jogoo mmoja akiwika ndani yake, atawika kila inapozunguka, na msikilizaji atajua.

Mvua ya migombani niliinasa Bulyaga, kando ya kijia. Mama mmoja akaja na mzigo kichwani, nikasogeza begi langu apite. Akasema, "Ndaga." Kwetu hiyo ni asante, na anayeambiwa huirudisha: ndaga. Lakini nilikuwa nanasa. Nikaishia kuinamisha kichwa.

Studioni nilitaka kuikata ile sauti. Mkuu akakataa.

"Mwache. Mvua isiyo na mtu ni kelele tu."

Basi mama yule akazunguka chini ya mchezo wetu, wiki hadi wiki. Wasikilizaji wakaanza kutupigia simu. "Jamani, huyo mama kapewa nini? Mbona hamalizi kushukuru?" Tulicheka sana.

Tuliacha kucheka alipokuja Mzee Ambakisye, mkulima wa ndizi wa Bulyaga. Koti lake lilichuruzika maji. Alikataa kiti.

"Yule ni mke wangu, Tusekile. Tumemzika juzijuzi."

Mkuu alivua miwani. "Pole sana, baba. Tunamfuta leo hii."

"Usifute!" Mzee alishika ukingo wa meza. "Sina sauti yake nyingine. Ila msimzungushe. Anashukuru, anashukuru, hakuna anayemrudishia. Anatembea mvuani hafiki nyumbani. Apite mara moja, mwanangu. Na ajibiwe."

Nilimtoa kwenye lupu, pengo nikaliziba kwa mvua iliyokuwa jirani yake, mshono usisikike. Yeye nikamweka peke yake: hatua zinakuja, neno lake, hatua zinakwenda. Mkuu aliandika upya onyesho la mwisho ili mwigizaji wetu amwitikie.

Siku ya kurushwa nilikwenda kusikiliza kwa Mzee. Mvua ikaanza, zikaja hatua.

"Ndaga."

Mwigizaji alivuta pumzi, lakini Mzee alimtangulia.

"Ndaga, Tusekile."

Akazima redio. Mle ndani hakuna aliyesikia mwigizaji alijibuje.

Baadaye nilihamia studio za Mbeya, nikatumikia wakuu wengine. Mmoja alipenda vyura kupita kiasi. Mashine zilizidi kuwa ndogo, maktaba niliyohama nayo ikazidi kuwa kubwa. Sasa nimestaafu, ninakaa Ibighi, hapa hapa Tukuyu, na mvua inaponyesha bado masikio yangu hutafuta mshono. Hayaupati. Ile ya kweli hairudi mwanzo, na nimeanza kuipenda kwa sababu hiyo.

Siku ile ya kustaafu, nilipokabidhi ofisi, dada aliyepokea kazi alifungua mafaili moja moja, akasimama kwenye lile.

"Mama, hii mbona haizunguki? Ulisahau?"

"Hapana, mwanangu. Huyo alikuwa anakwenda nyumbani."